Ukili Uliolalia Kushoto

Nyumba ya kupanga, ufukweni
3 Aprili

Mama, shikamoo. Dada, shikamoo na wewe, na ukimsomea Mama usiruke mistari kama kawaida yako.

Tumefika salama na mvua imefika pamoja nasi. Leo siku ya nne. Bahari tunaijua kwa sauti tu. Ukichungulia dirishani unaona ukungu, kamba ya kuanikia, na nguo za kuogelea zilizolowa bila kuogelewa. Paa linavuja sehemu tatu. Sebuleni nimetega sufuria, jikoni ndoo, na tone la tatu linaangukia mto wa Baba Kasuku. Yeye amesema hahami, hii ni likizo yake ya kwanza baada ya miaka sita na kitanda ni chake. Anacheza karata peke yake na bado anashindwa.

Kasuku ndiye taabu. Mnamjua, mtoto wa miaka tisa, mdomo wa watu tisini. Juzi alihesabu vigae vya sakafu, jana akavihesabu tena akasema vimepungua. Leo amepekua begi langu akakuta ule mzigo wa ukindu niliobeba, akaniambia anataka kusuka mkeka kama wa Bibi. Nimeanza kumwonesha, hanisikilizi. Anasema mimi nasuka kwa hasira. Anataka Bibi amfundishe mwenyewe, kwa barua. Tafadhali Mama, mtamkie Dada aandike, hata mistari michache, tupumzike masikio.

Mama, lile neno la mlangoni sijalisahau. Uliniomba nibaki tumalizie kili mbili, ile misuko miwili iliyobaki kushonwa kwenye mkeka wako, nikapandisha sauti, nikasema siku hizi watu wananunua mikeka ya plastiki na haiozi. Halikuwa neno la kumwambia mama. Nitalimeza mbele yako, ana kwa ana, si kwenye karatasi ambayo lazima ipite kwa Dada.

Dada, kikohozi chake kikoje? Niambie kweli. Ukisema neno moja tu napanda basi la asubuhi, likizo ibaki na mvua yake. Simu ya posta hapa imekufa tangu siku tuliyofika, kwa hiyo nategemea kalamu yako. Barua ukimpa dereva wa basi asubuhi, jioni ninayo.

Mdogo wako

*

Nyumbani
5 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Anayeandika ni dada yako Shoto ila maneno ni yangu, na nimemwambia asiyapambe. Mwambie Baba Kasuku mtu akishindwa na nafsi yake kwenye karata, asimtafute mchawi.

Sasa wewe Kasuku, njoo. Funga mdomo kwanza, maana kusuka ni kuhesabu, na hakuna anayehesabu huku anapiga soga. Loweka ukindu mpaka ukunjike bila kulia. Uchane kwa ukucha, chane zote upana mmoja, nyembamba kama kamba ya kiatu. Chukua chane nne, zikunje katikati, ziwe nane mkononi. Ya kulia kabisa ndiyo inayoongoza. Inapita juu ya mbili, inazama chini ya mbili. Halafu inayofuata, ya kulia tena. Kulia, kulia, kulia. Ukikosea, usifiche. Fumua. Kosa la ukili halizeeki, kila atakayekalia mkeka ataliona.

Na usifuate ya mama yako mkubwa anayenishikia kalamu hii. Huyo tangu mtoto anaongoza na kushoto. Ukili wake unalalia upande wake, ukiushona na wangu mistari inapigana vichwa kama mbuzi. Nilimfunga mkono na kitambaa mwezi mzima, wapi. Ndiyo maana kili zake zote zimeishia kwenye vikapu vya viazi. (Nimeandika kama alivyosema. Dada.)

Mama yako asiseme mtoto ni mdogo. Samaki mkunje angali mbichi. Yeye mwenyewe nilimwanzisha akiwa na miaka sita, na mkono wake ni mkono wangu, ukizilaza kili zetu pamoja hujui wa nani ni upi.

Kikohozi ni cha mvua tu, kitaondoka nayo.

Mama

Mdogo wangu, naongeza langu. Mama hana neno. Anakunywa uji, ananigombeza, dalili zote za uzima. Tabibu alipita jana akaacha dawa ya kifua. Shule imefungwa, jiko langu la watoto mia tatu limefungwa nalo, kwa hiyo nipo naye kutwa. Tulia huko, upumzike. Wewe ndiye mwenye mume na mtoto wa kustarehesha.

Dada yako

*

Nyumba ya kupanga
7 Aprili

Dada, shikamoo. Mshike Mama mikono yote miwili unisaidie kumwamkia.

Barua yenu nimeisoma mara tatu na mara zote nimecheka kwenye mbuzi. Ahsante kwa kuandika hata yanayokuuma. Umenituliza roho. Usiku wa kuamkia jana nilikuwa nimeshafunga begi. Baba Kasuku alikuwa ameniambia twende, nikamwambia ngoja barua, na barua ilipofika nikafungua begi, nikatoa nguo. Tumeamua kukaa na wiki ya pili. Mvua nayo imeamua.

Jana ilipunguza tukatoka kupiga picha. Tumesimama watatu mbele ya bahari, tumevaa makoti ya mvua, tunafanana na magunia ya mkaa. Muuza miwani ya jua alitufuata hadi mlangoni. Nikamwuliza, kaka, jua liko wapi? Akasema, mama, tunza, litakuja.

Kasuku amesuka shubiri mbili. Naapa, saa nzima bila kusema! Kalamu namwachia.

*Bibi shikamoo. Nilifumua mara kumi na moja, sikuficha hata moja. Kidole kimeota sugu, Mama anasema ndiyo cheti. Sasa nataka ukili wa pili, wenye chane nyekundu, ile Mama aliyoipaka rangi. Naanzaje ili nyekundu itoke juu kama kwenye mkeka wako? Baba alitaka kunisaidia nikamkataza. Mimi Kasuku.*

Ameimaliza karatasi yote, mnaona. Jibuni upesi.

Mdogo wako

*

Nyumbani
10 Aprili

Mpendwa mjukuu wangu Kasuku,

Nimefurahi sana kupata barua yako na kusikia kwamba unaendelea vizuri na kazi. Hongera kwa bidii.

Kuhusu ukili wa rangi, fanya hivi. Chukua chane tatu nyeupe na moja nyekundu. Zikunje katikati ziwe nane. Nyekundu iweke pembeni kabisa, kushoto, ndiyo itakayoongoza. Inapita juu ya mbili, inazama chini ya mbili. Halafu inayofuata ya kushoto, hivyo hivyo. Nyekundu itakuwa inatokeza juu kila ikifika zamu yake. Kaza, usiache matundu. Endelea kuwa mtoto mwema na umsaidie mama.

Bibi yako akupendaye

Mdogo wangu, salamu. Samahani kwa mwandiko kuyumba. Nyumba imejaa majirani, sina pa kukalia, naandikia juu ya goti. Mama amechoka kidogo, amelala. Msiwe na haraka ya kurudi, barabara haifai.

Dada

*

Nyumba ya kupanga
12 Aprili

Dada,

Nakuuliza jambo moja na nataka jibu la jambo hilo tu.

Kasuku amemaliza shubiri ya kwanza ya ukili mwekundu. Amefuata barua neno kwa neno, kidole chini ya kila mstari. Leo asubuhi ameulaza juu ya meza kando ya ule wa kwanza, ananiita, "Mama, njoo, mbona zinagombana?" Nimeziangalia. Mmoja unalalia kulia. Mwingine unalalia kushoto. Mistari inapigana vichwa.

Nimemwambia amekosea. Amenionesha barua. Imeandikwa kushoto, mara mbili.

Mama amesuka miaka sitini. Ukimwamsha usingizini ukamwuliza, atakwambia kulia. Alikufunga mkono mwezi mzima kwa ajili ya hiyo kulia. Na tangu lini Mama akamwita mtu "mpendwa"? Tangu lini akampa Kasuku hongera bila kumtania mdomo wake? Nilipoisoma juzi nilihisi kitu, nikajiambia ni uchovu. Na hao majirani wamejaa kwetu kufanya nini?

Ulipokuwa unaandika, nani alikuwa anasema?

Nilikwenda kituoni na begi. Tangu jana mto umepanda juu ya daraja, mabasi yanaishia ng'ambo. Mfuko wa posta tu ndio wanauvuta kwa kamba. Nimesimama pale nimelowa mpaka dereva akanionea huruma, akaniambia niandike, atausubiri mkono wangu. Naandikia ndani ya basi lake.

Sema, Dada. Niko tayari. Siko tayari, lakini sema.

Mdogo wako

*

Nyumbani
13 Aprili

Mdogo wangu,

Mama amefariki. Ilikuwa tarehe nane, saa saba mchana. Tulimzika kesho yake, kwenye matope. Barua ya tarehe kumi niliiandika mimi, viti vya watu vikiwa bado uani.

Hapa nilikuwa nimeandika kwamba yeye ndiye aliyenikataza nisikuambie, ili usikatize likizo. Nimefuta. Unaona karatasi ilivyotoboka. Hakunikataza. Nakuandikia mara ya tatu leo, na safari hii siruki mstari.

Tarehe tano, alipomaliza habari ya mkono wako na mkono wake, hakusema kikohozi kitaondoka na mvua. Huo mstari nimeutunga. Alichosema ni hiki: "Mwambie kifua kimekuwa kizito. Mwambie arudi, kili zile mbili zinamngoja yeye. Na mwambie simnunii." Akaniambia nimsomee. Nikamsomea yake, yote, vizuri, na kwenye karatasi kulikuwa na yangu. Macho yake yenye mtoto wa jicho hayakuweza kunikagua. Hata tabibu hakuacha dawa tu. Alisema waitwe watoto. Nikamjibu, watoto wapo.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza kabla yako. Miaka kumi na moja ni mimi ninayemwaga beseni lake. Namchemshia maji, namkata kucha, najua upande anaolalia na upande unaomuuma. Wewe unakuja mara mbili kwa mwaka, na siku ya kuja kwako anaamka alfajiri kuchana nywele. Nikimpa uji anasema, mdogo wako angeweka sukari. Nikisuka anasema, peleka kwenye vikapu. Nilitaka wiki mbili tu za Mama wa kwangu peke yangu. Nilidhani kifua kitafunguka kama miaka mingine. Nilidhani ukirudi utakuta kili mbili zile zimeshashonwa, zangu, naye ameshazizoea. Sikudhani atakufa. Niamini hapo, ingawa sijakuachia sababu ya kuniamini popote.

Hii sehemu ningeweza kuificha, hakuna aliyeiona. Asubuhi ya siku ile alikuita. Aliita mara nyingi. Nikaenda kitandani nikasema, "Nipo Mama, nimerudi." Nilisema kwa sauti yako. Nikamwambia, nisamehe kwa neno la mlangoni. Akasema, "Lilishapita, mwanangu," akanishika shavu. Sijawahi kushikwa vile. Nimekuibia hata msamaha wako.

Kisha akapapasa chini ya mto, akatoa ukili aliokuwa ameuanza, akaniwekea mkononi. "Suka kidogo nisikie." Nikajaribu kwenda kulia. Vidole vikakataa, vikarudi kwao. Akapitisha kidole gumba juu ya ukili, polepole, kama anavyokagua siku zote. Akasema, "Huyu Shoto. Mdogo wako yuko wapi?"

Hakusema tena kitu hadi saa saba.

Mazikoni watu waliniuliza kama umepata habari. Nikasema nimekuandikia. Daraja lilikuwa wazi siku ile. Lilikuwa wazi mpaka juzi.

Ile barua ya Kasuku ilinikuta na msiba. Nikaona nikinyamaza utajua, nikisema utanichukia, basi nikachukua ukindu nikasuka, nikiangalia vidole vyangu vinafanya nini ili niviandike. Sikukumbuka hata kidogo kwamba vidole hivyo ni vyangu.

Dada

*

Nyumbani kwangu
27 Aprili

Dada,

Shikamoo nimeiacha kwa makusudi.

Siku ile nilipokuja, maji yalipopungua, nilikuwa nimejaza mdomo maneno ya kukumaliza. Njia nzima nimeyapanga. Nikakuta umekonda, umekaa kwenye kigoda chake na vikapu vyako vimekuzunguka, nikashindwa hata kuanza. Ndiyo maana nilikwenda kaburini, nikaingia chumbani kwake, nikatoka. Chai uliyoniwekea niliiona. Sikuweza kuinywa. Mkeka nimeuacha pale ulipo, na nafasi yake ya kili mbili. Mtu asiuguse, mimi wala wewe.

Sijakusamehe. Nakuandikia ujue, usije ukaichukua barua hii kwa jina jingine. Ile "lilishapita, mwanangu" naamka nayo na kulala nayo. Sijui alimwambia nani. Aliniambia mimi, akiwa amekushika wewe. Halafu akagundua, na sijui kama aliirudisha. Wewe peke yako ndiye uliyeuona uso wake, na wewe ndiye nisiyeweza kukuamini. Na mimi sina pa kujificha. Neno lile ningeweza kuliandika tarehe tatu, mstari mmoja, ungemsomea tu. Nilikataa lisipite kwako.

Lakini nakuandikia kwa ajili ya Kasuku.

Anajua Bibi amekufa. Tarehe hajui. Alikaa siku mbili kimya, nyumba ikatisha, Baba yake akawa anahesabu vigae apate cha kumchekesha. Siku ya tatu akachukua ukindu. Ule ukili wa kulia ameuweka kabatini. Anasuka ule wa kushoto, mwekundu, sasa umefika shubiri kumi na nne, na umekazana, Dada, sina cha kusema. Nilimwambia tuanze upya, twende kulia kama mkeka wa Bibi. Akaniangalia kama mwizi. "Bibi alisema kushoto. Ndiyo barua yake ya mwisho." Anaiweka chini ya mto. Ameifungua na kuikunja hadi imeanza kuachia kwenye mikunjo, nikaibandika kwa gundi, kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilifungua mdomo nimwambie aliyeiandika. Nikaona nikisema hilo lazima niseme na yote, tarehe nane, na daraja, na sauti yangu kinywani mwako. Ana miaka tisa. Nikaufunga mdomo. Kwa hiyo sasa tuko wawili tunaodanganya kwa jina la Mama, mimi na wewe.

Jana ameniuliza namna ya kufunga ncha ili ukili usifumuke. Nimejaribu kumwonesha. Vidole vyangu havijui kwenda upande ule. Nimemharibia shubiri nzima, akanipokonya, akalia kwa kwikwi akisema kazi ya Bibi nimeivunja. Nimetafuta hapa mtaani mwenye mkono huo. Hakuna. Duniani ninayemjua ni mmoja.

Mwandikie. Suka kwanza, uangalie vidole vyako, kama ulivyofanya siku ile. Mwambie pale chane zinapobaki fupi afanye nini, na mwambie kwa maneno yako, usimwige mtu. Chini usiandike Bibi. Andika jina lako.

Mdogo wako